Kati ya "Haikutimia" na "Haijatimia"

Wahenga wetu hawakuafikiana kuhusu suala la kungoja. Upande mmoja walituambia kuwa subira huvuta heri, na kwamba mstahimilivu hula mbivu. Upande wa pili wakatuonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba anayechelewa chelewa humkuta mwana si wake. Anayetaka kuutetea uvumilivu atapata methali ya kumwauni, na anayetaka kuupinga naye hatakosa yake. Mkristo, hata hivyo, hana uhuru wa kujichagulia methali impendezayo. Yeye, kwa kule kukiri imani yake, amekwisha kuingia katika safu ya wangojao. Angoja ufalme, angoja ufufuo, angoja haki, na aghalabu, katika maombi yake ya faragha, angoja pia kazi, mtoto, uzima wa mgonjwa au kurejea kwa mpendwa aliyepotea.

Hivi majuzi alinitembelea ofisini kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Ni miaka saba sasa tangu ahitimu. Shahada yake imo ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha yenyewe imechakaa pembeni kwa kubebwa huku na huko. Nilidhani amekuja kuomba barua ya mapendekezo, kumbe sivyo.

"Mwalimu," akaniambia, "niwie radhi kwa kukupotezea wakati. Wewe ni mtu wa lugha, tena ni mtu wa kanisa. Kila mkesha wa mwaka mpya ninaambiwa kuwa mwaka wangu umefika. Nimepanda mbegu mara nne, na mara mbili zilikuwa fedha za kukopa. Sasa nataka kujua jambo moja tu. Ahadi ya Mungu isipotimia, inaitwaje?"

Swali lile lilinikuta sina jibu. Nilimwagizia chai, tukazungumza mengine, akaenda zake. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Nianze na kile ninachokijua kwa kazi yangu, yaani sarufi. Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za jamii ya Kibantu, kina njia mbili za kusema kuwa jambo fulani halikuonekana. Tukisema "mvua haikunyesha", tumefunga kitabu. Kiambishi "-ku-" hulitupa tendo katika wakati uliopita na kutangaza kuwa halikuwa. Lakini tukisema "mvua haijanyesha", mkulima anayetusikia atainua macho atazame mawingu. Watu wawili waweza kusimama katika shamba moja, wakaikanyaga ardhi ile ile kavu, mmoja akasema "haikunyesha" na mwenzake akasema "haijanyesha". Ukavu ni ule ule. Kinachotofautiana ni kwamba mmoja amekwisha kung'oa jembe mpini, na mwenziwe bado analinoa.

Kiingereza hulazimika kuongeza neno zima ili kuileta maana hii. Sisi twaipata kwa silabi moja, "-ja-", na silabi hiyo imetawala hata adabu zetu. Mzee wa miaka 70 aliyeishi peke yake maisha yake yote, akiulizwa habari za ndoa, hasemi "sikuoa". Husema "sijaoa", na vijana wakacheka naye. Mama ambaye nyumba yake haina sauti ya mtoto, akiulizwa iwapo amejaliwa, hujibu kwa upole, "sijajaliwa". Hawa hawajidanganyi, kwani wanajua idadi ya miaka yao kuliko sisi tunaowauliza. Wanakataa tu kuufunga kwa ulimi wao mlango ambao si wao walioufungua.

Ninaamini kuwa imani ya Kikristo, tukiondoa mapambo yote, hukaa katika silabi hiyo. Nasema hivyo nikijua kuwa "-ja-" ina pande mbili. Upande mmoja ni matumaini, na upande wa pili ni kukiri waziwazi kwamba jambo lenyewe halijawa. Anayesema "haijatimia" amesema kweli mara mbili. Kwa sababu hiyo anayengoja ahadi za Mungu hushambuliwa na vishawishi viwili, wala si kimoja. Cha kwanza ni kukata tamaa, akabadilisha "-ja-" kuwa "-ku-". Cha pili ni kujifanya amekwisha kupokea, akabadilisha "-ja-" kuwa "-me-". Mahubiri yetu yametuonya sana juu ya kile cha kwanza. Juu ya cha pili yamenyamaza, na wakati mwingine yamekuwa ndiyo yanayokieneza.

Hebu tumtazame Ibrahimu, aitwaye baba wa waaminio. Aliahidiwa nchi nzima. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 23, kinatueleza kuwa Sara alipofariki, mumewe hakuwa na hata mahali pa kumzika. Ikambidi kununua shamba la Efroni Mhiti lenye pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha. Basi kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi alichokimiliki mzee yule kilikuwa kaburi la mkewe, tena alikilipia. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, anapowataja Ibrahimu na wenziwe katika sura ya 11, hafichi jambo hilo. Anakiri kuwa watu hao walifariki bila ya kuyapokea yale waliyoahidiwa, na papo hapo anawahesabu kuwa mashujaa wa imani. Hasemi kuwa imani yao ilikuwa na kasoro, wala hasemi kuwa kulikuwa na sadaka waliyosahau kuitoa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Rabai, kaskazini magharibi mwa Mombasa. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka uo huo mkewe, Rosina, alifariki, na binti yao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Kaburi lilichimbwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kama Ibrahimu, naye alianza na kaburi. Katika mwaka huo huo wa msiba alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa, jambo ambalo Wakristo na Waislamu wa leo wangefaa kulikumbuka pamoja.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, nao wakafungua kituo Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya udhaifu wa afya. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, miaka 29 bila ya kurudi Ulaya hata mara moja. Alipowaeleza Wazungu wenzake kuwa mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji, baadhi ya wataalamu wa London walimdhihaki, na ilipita miaka zaidi ya 10 kabla ya ushuhuda wake kukubaliwa. Mkewe, Emma, alifia huku Pwani mwaka 1866. Na matunda ya kazi yake? Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyeupokea ubatizo akiwa karibu na kufa. Baadaye akafuata Abe Gunja, kisha wengine wachache wa kuhesabika kwa urahisi. Rebmann aliondoka Rabai macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa, akafariki Ujerumani mwaka 1876.

Laiti mkaguzi wa hesabu angalifika Rabai mwaka ule wa 1875 na kitabu chake, nadhani angaliandika neno moja tu, "haikufaulu". Na kwa takwimu zilizokuwa mbele yake asingalisema uongo.

Lakini tazama yaliyofuata. Katika miaka ya 1880 Rabai ikawa kimbilio la watumwa watoro. Tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watumwa 1,400 waliokuwa wamekimbilia huko na katika vituo vingine vya misheni walipewa hati za uhuru, baada ya waliodai kuwamiliki kulipwa fidia. Aliyekuwa akikisimamia kituo cha Rabai ni William Jones, Mwafrika ambaye yeye mwenyewe alitekwa utumwani utotoni, akakombolewa na kusomeshwa India. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na Edward Steere, askofu wa Unguja aliyeibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, alikuwa amefariki tangu mwaka 1882. Tafsiri ya Muungano, ambayo wengi wetu tulikua tukiisikia makanisani, ilikamilika mwaka 1952. Hiyo ni miaka 108 tangu Krapf aanze na kitabu cha Mwanzo. Kila mmoja katika mlolongo huo alikufa akiwa katika "-ja-".

Sisemi haya kwa nia ya kuwatakasa wamisionari. Mwafrika yeyote anayeijua historia yake anafahamu kuwa nyuma ya misheni ilikuja bendera, na nyuma ya bendera mashamba yetu yakachukuliwa. Wala sidai kuwa historia ya Rabai inathibitisha kuwepo kwa Mungu, kwani imani haithibitishwi kwa njia hiyo. Ninachosema ni kwamba yule aliyengoja hakuyaona, na yaliyokuja hayakuja kwa sura aliyoitazamia. Yalikuja kwa mikono ya watu wengine, na wengi wao walikuwa Waafrika waliotoroka minyororo. Anayeng'ang'ania kuwa ahadi itimie mbele ya macho yake, kwa njia anayoitaka yeye, huenda anaomba kitu ambacho hata Ibrahimu hakupewa.

Rabai imo katika Kaunti ya Kilifi. Katika kaunti iyo hiyo kuna msitu uitwao Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, taifa hili lilishuhudia makaburi yakifukuliwa humo, mpaka idadi ya miili ikapita 400, watoto wakiwa miongoni mwao. Ilielezwa kuwa watu hao walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Sheria ina mkondo wake, nami sitauingilia. Mimi naitazama lugha tu. Watu wale walichoshwa na "-ja-". Walikuwa wameuza walichokuwa nacho, wengine wakaacha kazi, wakawatoa watoto shuleni, kwa sababu waliaminishwa kwamba kungoja kumekwisha na kwamba mwanadamu anaweza kuiharakisha siku ambayo Yesu mwenyewe alifundisha kuwa hakuna aijuaye isipokuwa Baba.

Ni rahisi kusema kuwa wale walikuwa wajinga na sisi hatumo. Lakini sarufi ya Shakahola inasikika katika majumba ya ibada ya miji yetu kila Jumapili, kwa vipaza sauti. "Umepona!" "Umepokea!" "Umeshainuliwa!" Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa "umepona" na akazitupa dawa zake ameingia katika msitu ule ule, ijapokuwa anaishi katika nyumba ya ghorofa. Kijana anayekopa fedha ili apande mbegu, kwa kuwa ameambiwa mwaka wake umefika, naye yumo njiani. Na mwaka unapokwisha bila ya chochote, mhubiri hawezi kukiri kuwa alikosea kiambishi. Husema kuwa imani ya mwumini ilipungua. Hivyo "-me-" ya uongo huzaa "-ku-" ya uchungu, na mtu huiacha imani akidhani kwamba Mungu amemdanganya, ilhali Mungu hakuwamo katika mazungumzo yale.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Ahadi ni kitendo cha usemi, na kila usemi lazima uwe na msemaji. Kabla ya kuuliza kwa nini ahadi haijatimia, yatupasa tuulize ni nani aliyeitoa. Nimeisoma Biblia tangu utotoni, na sijaona humo ahadi ya gari, wala ya viza, wala ya ajira kabla ya mwezi wa Machi. Nimeona ahadi ya kutoachwa, ya msamaha, ya kwamba mnyonge atatetewa, ya kwamba mauti hayatakuwa na neno la mwisho. Ahadi hizi ni kubwa kuliko kazi, na ndiyo sababu mtu asiye na kazi anaweza kuzishika na pia anaweza kuziona hazimsaidii kulipa kodi ya nyumba. Mambo yote mawili ni kweli, na kasisi anayeyaficha mojawapo hamtendei haki muumini wake.

Kazi, kwa upande wake, iliahidiwa na wanadamu. Iliahidiwa majukwaani, wakati wa kuomba kura, kwa maikrofoni na kwa idadi. Deni hilo lina wadeni wanaojulikana kwa majina na anwani. Kumhamishia Mungu deni la mwanasiasa, kisha tukaenda kukesha tukilia kwamba amekawia kulilipa, ni kumkosea Mungu heshima na kumpunguzia mwanasiasa mzigo. Si kila kisichotimia kinastahili subira ya kidini. Vingine vinastahili swali kali, barua yenye saini, na kura. Kanisa linalowafundisha vijana kungoja kila kitu kwa upole mmoja linawatumikia wale wasiotaka kuulizwa.

Yatupasa pia kujua namna ya kungoja. Wakristo wa Thesalonike walipoamini kuwa Bwana yu karibu kurudi, baadhi yao walikwenda ovyo bila ya kufanya kazi. Paulo, katika waraka wake wa pili kwao, hakuwasifu kwa imani kubwa. Aliwakemea, akawaamuru wafanye kazi kwa utulivu na kula jasho lao. Kungoja kwa Kikristo, basi, ni kazi. Rebmann hakuketi kibarazani kwa miaka 29 akihesabu waongofu wasiokuja. Miongoni mwa aliyoyafanya ni kukusanya msamiati wa lugha ya watu wa Nyasa, neno kwa neno, kutoka kinywani mwa Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka huko. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, yeye akiwa kaburini. Sisi watu wa isimu twajua thamani ya daftari kama lile. Hakuwa na mamlaka juu ya siku ya mavuno, lakini daftari lilikuwa mikononi mwake kila asubuhi.

Wala kungoja huko hakumkatazi mtu kulalamika. Mtunzi wa Zaburi ya 13 anaanza kwa kumwuliza Mungu mara nne mfululizo ni hadi lini, na hakuna aliyethubutu kuitoa zaburi hiyo katika Biblia kwa madai kuwa inapunguza imani. Anayeuliza "hadi lini" bado anamwamini anayemwuliza. Aliyekata tamaa haulizi tena.

Sasa nikurudie wewe, kijana wangu, iwapo gazeti hili litakufikia. Uliniuliza ahadi ya Mungu isipotimia inaitwaje. Kwanza, hayo uliyoahidiwa kwenye mikesha hayakuwa ya Mungu, kwa hiyo usimshtaki kwayo. Yaite kwa jina lake, kwa "-ku-" iliyo wazi: hayakutimia, kwa kuwa hakuwapo mwenye kuyatimiza. Usipande mbegu nyingine. Lipa mkopo ule, na kitakachobaki kimsaidie mama yako. Pili, zile ambazo ni za Mungu kweli zina jina katika lugha ya mama zetu, nalo ni "hazijatimia". Sina tarehe ya kukupa, na anayekupa tarehe mkimbie. Imani ninayokuomba uishike haidai useme kuwa umepokea. Inadai usiseme uongo juu ya ukavu wa shamba, na usiliache jembe.

Jambo la tatu linanihusu mimi. Ulipoingia ofisini nilidhani umekuja kuomba barua ya mapendekezo, nikafurahi moyoni kuona kuwa hukuiomba, maana nilikuwa na kazi nyingi siku ile. Nikakupa chai. Huo nao ni ukristo wa kumwambia mtu aende kwa amani akaote moto, pasipo kumpa kuni. Sijakuandikia barua hiyo. Nitaiandika leo, hata kabla ya wino wa makala haya kukauka. Njoo uichukue, na bahasha yako uje nayo.